Kibaya Chajitembeza: Jinsi ya Kununua Kazi za Mikono Safarini



Kwetu msafiri harudi mikono mitupu. Ukienda mjini, nyumbani wanakungoja wewe, na mfuko wako pia. Lakini kununua zawadi nako kuna elimu yake. Mimi niliipata kwa aibu. Soma yaliyonipata, kisha tujifunze pamoja.

BAKORA YA BABA MKWE

Mwaka mmoja nilikwenda Dar es Salaam kumtazama binti yangu aliyejifungua. Mke wangu aliniagiza, "Baba watoto, usimsahau baba. Mletee bakora ya mpingo."

Nikaenda Mwenge, kwenye soko la vinyago. Pale wachongaji hukaa chini na kuchonga mbele ya macho yako. Mmoja akanionyesha bakora nzuri, akataja bei yake. Mimi nikatoa nusu. Akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, hii ni mpingo. Siku tatu niko nayo. Nusu siwezi."

"Basi kaa nayo," nikamjibu, nikaondoka.

Kesho yake alfajiri nilikuwa ndani ya basi. Kijana akaja dirishani na bakora nyeusi inang'aa. "Mpingo safi, mzee! Mweusi kama usiku!" Bei yake ilikuwa chini hata ya ile nusu. Basi linaunguruma, dereva anapiga honi. Nikalipa haraka haraka. Njia nzima nilijiona mjanja.

Baba mkwe alifurahi sana. Ijumaa akavaa kanzu yake nyeupe, akaenda nayo msikitini. Aliporudi, kiganja chake kilikuwa cheusi, na kanzu ina michirizi kama ya masizi. Akaniita pembeni, akasema taratibu, "Mwanangu, hii bakora yako inatoka jasho jeusi."

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Tulipoikwangua kwa kisu, ndani ilikuwa nyeupe kama muhogo. Ulikuwa mti wa kawaida, umepakwa rangi ya viatu.

Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kila anayetembeza vitu ni mwongo. Wengi wanatafuta riziki yao kwa haki. Kosa lilikuwa langu. Nilitazama bei, sikutazama kitu.

PIMA KITU KABLA YA KULIPA

Nchi yetu ina kazi nyingi za mikono. Wamakonde wa Mtwara na wenzao wa Msumbiji wanajulikana kwa vinyago. Iringa wana vikapu vya milulu. Zanzibar na mwambao wana mikeka ya ukindu. Wakisi wa Ziwa Nyasa wana vyungu. Kila kazi ina kipimo chake.

1. Kinyago au bakora ya mpingo. Kwanza pima uzito mkononi. Mpingo ni mti mzito sana. Kipande chake hakielei majini, kinazama. Pili, chukua kitambaa cheupe chenye maji kidogo, usugue. Kitambaa kikiwa cheusi kama kiganja cha baba mkwe, rudisha. Tatu, geuza utazame chini ya kitako, mahali ambapo rangi mara nyingi haikupakwa vizuri. Usiogope ukiona sehemu ya rangi ya maziwa pembeni. Mpingo ni mweusi katika kiini tu. Nje, karibu na gome, ni mweupe. Wachongaji wengine huacha weupe huo makusudi. Mwisho tafuta nyufa. Mti uliochongwa ukiwa mbichi hupasuka unapokauka.

2. Mkeka. Uinue juu, utazame mwanga. Mwanga ukipenya kwa mistari, ukili haukushonwa vizuri. Lowesha kidole, usugue rangi. Kisha unuse. Harufu ya ukungu maana yake ukindu haukukauka, na mkeka huo hautadumu.

3. Kikapu. Kiweke chini. Je, kimekaa sawa au kinayumba? Bonyeza ubavuni, kizuri hurudi kama kilivyokuwa. Vuta mpini kwa nguvu, maana hapo ndipo vikapu vingi huanza kukatika.

4. Chungu au mtungi. Kigonge kwa kidole. Kizima hulia kwa sauti kali. Chenye ufa hulia kama debe bovu. Lakini mtungi wa maji ukitoa unyevunyevu nje, usidhani unavuja. Maji yale yanapokauka nje huchukua joto, na maji ya ndani hupoa.

VITU VYA KUKATAA

Viko vitu usivyopaswa kununua hata ukipewa kwa bei ya kutupa: pembe za ndovu, ngozi ya chui, kucha au jino la simba, na magamba ya kasa. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi. Na hapa kwetu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kuwa na nyara za Serikali bila kibali ni kosa. Ukisema "nimenunua tu, sikuua mimi", hiyo haitakuokoa. Zawadi isiyo halali inaweza kukupeleka gerezani.

KUPATANA BEI SI KUMNYONYA MWENZIO

Sokoni kupatana ni desturi. Muuzaji anataja, mnunuzi anaomba apunguziwe, wanacheka, wanakutana katikati. Hakuna ubaya. Lakini mwisho wa kupunguza uko wapi? Tufanye hesabu.

Tuseme mama mmoja anasuka mkeka. Siku 1 anakwenda kukata ukindu. Siku 1 anachemsha na kutia rangi. Siku 8 anasuka ukili. Siku 2 anashona. Jumla ni siku 12 za kazi. Rangi na uzi vinamgharimu shilingi 4,000.

Akiuza kwa shilingi 40,000:
40,000 – 4,000 = 36,000
36,000 ÷ 12 = 3,000 kwa siku.

Mnunuzi akimbana mpaka shilingi 16,000:
16,000 – 4,000 = 12,000
12,000 ÷ 12 = 1,000 kwa siku.

Hesabu hii ni ya mfano, lakini inafundisha. Ukipunguza bei ya mkeka, unapunguza siku za mtu. Huyo mama anaweza kukubali kwa sababu mtoto anaumwa nyumbani. Wewe utaondoka unacheka, na yeye msimu ujao ataacha kusuka. Au atasuka ovyo, ukili mpana, rangi ya kuchuja. Ndivyo kazi nzuri inavyokufa, na ya bandia inavyojaa sokoni.

Nasi wa vijijini ndio wasusi na wafinyanzi wenyewe. Leo ni mnunuzi, kesho ni muuzaji. Kwa hiyo andika siku zako katika daftari, kama tulivyofanya hapa. Mtu akikuuliza, "Mbona ghali?", umwonyeshe hesabu.

Mimi nilirudi Mwenge safari iliyofuata. Nikamkuta yule mchongaji. Nikasugua kwa kitambaa, kikabaki cheupe. Nikaomba apunguze kidogo, akapunguza kidogo. Bakora ile baba mkwe anatembea nayo mpaka leo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kiini: sehemu ya ndani ya mti.
Ukili: msuko mrefu mwembamba unaoshonwa kuwa mkeka.
Bandia: kitu kisicho cha kweli.
Nyara: mnyama au sehemu ya mnyamapori, kama pembe, ngozi au kucha.

MASWALI

1. Kwa nini mwandishi hakuinunua bakora ya kwanza?
2. Taja njia tatu za kuutambua mpingo wa kweli.
3. Kwa nini mtungi mzima hutoa unyevunyevu nje?
4. Mama wa mfano wetu akiuza mkeka kwa shilingi 28,000, atapata shilingi ngapi kwa siku?
5. Mjadiliane: katika kijiji chenu, ni kazi gani ya mikono inayopotea, na sababu ni nini?