Anza na Mandela, malizia baharini: kuizunguka Dar kwa baiskeli

Karibu kila anayeanza baiskeli huuliza kwanza kama miguu itaweza. Kwa Dar es Salaam mimi nasema itaweza. Sehemu kubwa ya jiji ni tambarare, na mtu mwenye afya ambaye ameshazoea kuendesha kwenda sokoni au kazini anaweza kumaliza kilomita karibu 50 kwa siku, mradi apumzike na ale. Kinachowashinda wengi ni saa. Barabara inayopitika kwa raha saa moja asubuhi ya Jumapili, ikifika saa nne imejaa magari, na saa saba lami yake inatoa moto. Ndiyo maana nilipoamua kulizunguka jiji, wakati baiskeli yenyewe bado ni ngeni kwangu, nilianza kwa kupanga nitakuwa barabara gani saa ngapi.

Njia niliyochora ni duara. Mwenge hadi Ubungo kwa Sam Nujoma, Ubungo hadi Kurasini kwa Mandela, kisha Daraja la Nyerere, Kigamboni mpaka upande wa Mjimwema, kurudi Feri, kuvuka kwa pantoni, halafu Barabara ya Ocean ambayo siku hizi inaitwa Barack Obama, Daraja la Tanzanite, Coco Beach, Mikocheni na Mwenge tena. Wenzangu walinishauri nianzie baharini kwa sababu asubuhi kunapendeza. Nilikataa, na mpaka leo nashikilia hapohapo.

Mandela ni barabara ya bandari. Matrela yenye makontena hupita humo kwenda na kurudi, na trela likikupita karibu unahisi upepo wake unakuvuta kuelekea kwenye matairi yake. Anayeanza hana haja ya kukutana na hali hiyo saa tano mchana. Jumapili asubuhi mapema foleni haijaanza, unaziona Tabata, Buguruni na TAZARA zikiamka, na kipande kigumu kuliko vyote unakimaliza mwili ukiwa bado na nguvu na akili bado haijachoka.

Tena sisi tunaendesha kushoto. Ukilizunguka jiji kwa mwelekeo huu, Ubungo kwanza na bahari mwisho, karibu kila kona unayokata ni ya kushoto, kwa hiyo hulazimiki kukatiza mbele ya magari yanayokuja. Jaribu kuchora duara hilohilo kinyume uone kona za kulia zitakavyokuwa nyingi. Kwenye makutano makubwa, kama pale Kurasini unapoitafuta njia ya darajani, usione haya: shuka, kokota baiskeli, vuka na waenda kwa miguu. Ubungo nako usipande barabara za juu za Kijazi. Pita chini, taratibu.

Halafu kuna upepo. Kati ya Mei na Septemba pwani yetu ina kusi. Asubuhi huwa imetulia, na kadiri jua linavyopanda ndivyo inavyokaza. Kwa ratiba hii unaelekea kusini kabla kusi haijapata nguvu, na inapokaza wewe umeshageuka unarudi kaskazini kando ya bahari, inakusukuma mgongoni. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka, na joto la Januari si la kuchezea. Ningekuwa wewe ningesubiri Juni au Julai.

Baiskeli haihitaji kuwa ya bei. Yangu ni ya mtumba kutoka Japani, ina giya chache na kikapu mbele. Lililo muhimu kuliko giya ni urefu wa siti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukianza kuendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo tu, na hivyo ndivyo linavyotakiwa. Baiskeli nyingi mitaani siti zake ziko chini mno, na wanaoziendesha husema baiskeli inaumiza magoti, kumbe kinachoumiza ni siti. Upepo wa matairi nao usipimwe kwa dole gumba. Kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi, na tairi laini hukumaliza nguvu bila wewe kujua. Kama baiskeli yako ni ya Japani au Phoenix ya kizamani, huenda valvu yake si ya aina ya gari, kwa hiyo kituo cha mafuta hakitakusaidia. Beba pampu yako.

Mengine ya kubeba ni machache: tyubu ya akiba ya saizi ya tairi lako, vijiti vya kutolea tairi, viraka na solesheni, chupa mbili za maji, pesa ndogondogo za nauli ya pantoni, taa nyekundu ya nyuma hata kama ni mchana, na kofia ngumu. Suruali iwe ya kubana miguuni. Pindo likiingia kwenye cheni unaanguka papo hapo.

Barabarani, kosa la wengi ni kujibanza pembeni kabisa. Ukingo wa lami una mchanga, vioo na mashimo, na dereva akikuona umejibanza hudhani nafasi ipo, akakupita kwa kukukwangua. Kaa kama mita moja kutoka ukingoni, nyooka, usiyumbeyumbe. Kabla ya kuhama nafasi geuza kichwa uangalie nyuma, kisha nyoosha mkono. Ukiikuta daladala imesimama kituoni, subiri nyuma yake. Usipite kushoto kwake hata kama pamebaki njia pana, maana abiria wanashukia upande huo bila kukutazama. Bodaboda wanaokuja kinyume ukingoni utakutana nao tu. Mimi hupunguza mwendo, napiga kengele, nabaki kwenye mstari wangu ili mwenzangu ajue nitakuwa wapi.

Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, lina urefu wa mita 680, na ndilo lenye mwinuko wa kukutoa jasho kuliko kwingine kote katika safari hii. Weka giya nyepesi kabla hujaanza kupanda. Ukibadilisha katikati ya mlima huku unakanyaga kwa nguvu, cheni inaweza kuruka.

Nikiwa nimeshashuka upande wa Kigamboni, tairi la nyuma lilikwisha upepo. Chini ya mwembe palikuwa na fundi mzee, na beseni lake la maji. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaipindua baiskeli bila maneno mengi. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kidogo kidogo ndani ya beseni mpaka viputo vikajitokeza kama uzi. Akaweka alama kwa msumari, akakwangua kwa msasa, akapaka solesheni, akasubiri ikauke ndipo akabandika kiraka. Nilidhani amemaliza. Akachukua kitambaa, akakipitisha polepole ndani ya tairi lote, na mahali fulani kikanasa. Alivuta kwa koleo kijiwaya chembamba cha chuma, kifupi kuliko punje ya mchele. "Hiki kimetoka kwenye tairi la lori," akaniambia. "Mwanangu, usirudishe tyubu kabla hujapapasa tairi. Utaziba hapa, itatoboka Mjimwema."

Tangu siku hiyo mimi hubeba kitambaa. Mandela na barabara zote za malori zimejaa vijiwaya hivyo kutoka kwenye matairi yaliyopasuka, na asiyejua hubadilisha tyubu baada ya tyubu, akiamini ameuziwa mbovu.

Kula kabla njaa haijauma. Kigamboni kuna chai na chapati za asubuhi kila kona, na mimi huongeza maharage kwa sababu safari ya nusu ya pili hutegemea hapo. Maji nayo kunywa kidogo kila baada ya muda, usingoje koo likauke. Dafu moja njiani linarudisha maji na baadhi ya madini ambayo jasho limeyachukua, na nyama yake ni chakula. Ukisikia kichwa kinagonga au umeacha kutoka jasho wakati jua ni kali, hapo safari imekwisha kwa siku hiyo: tafuta kivuli, kunywa, pigia mtu aje. Kigamboni ni mahali pazuri pa kuahirisha, kwa sababu Bajaji ziko tele na pantoni iko karibu.

Kwenye pantoni shuka mapema. Mlango wake wa chuma huwa na maji na unateleza, na umati hukimbilia nafasi. Mimi huacha wenye haraka watangulie, kisha naikokota baiskeli mkono mmoja ukiwa kwenye breki. Kuvuka ni dakika chache tu, ila zinatosha kunyoosha mgongo na viganja ambavyo vimeshaanza kufa ganzi. Ganzi hiyo, kwa njia, hutokana na kushikilia usukani kwa nguvu. Legeza mikono, kunja viwiko.

Kutoka Feri raha inaanza. Unapita Ikulu, unapita hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani miaka ya 1890, bahari iko kuliani muda wote na kusi inakusukuma. Hapa wengi huongeza kasi kwa furaha. Usifanye hivyo. Miguu imeshakula kilomita nyingi, na Tanzanite, lenye zaidi kidogo ya kilomita moja juu ya maji, halina kivuli. Jumapili watu wengi hutembea na kukimbia kandokando yake, wazee na watoto wakiwamo, kwa hiyo endesha kwa mwendo wao. Coco Beach utaipata mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chachandu. Kula, ila usikae mpaka misuli ikapoa, kwa maana Mikocheni hadi Mwenge bado kuna kazi.

Ukifika nyumbani, kabla hujaoga, ogesha baiskeli. Hewa ya baharini ina chumvi, na cheni iliyolala nayo usiku kucha huamka na kutu. Maji baridi ya bomba yanatosha, kisha futa kwa kitambaa kikavu, zungusha pedeli kinyumenyume huku ukidondosha mafuta kwenye kila pingili, na futa yaliyozidi, maana mafuta mengi hukusanya mchanga. Siku ya pili endesha kidogo tu mtaani, giya nyepesi, ili miguu isikaze. Na kama njia ya Bagamoyo imeanza kukuita, ni kilomita 60 na zaidi kwenda tu. Ifanye hii ya jiji tena kwanza, uone kama unafika Kigamboni ukiwa na nguvu zaidi kuliko mara ya kwanza.