Tujifunze Kazi: Mkoba wa Ngozi wa Kushona kwa Mkono

Vikundi vingi vya akina mama vimeshazoea kusuka vyondo na kushona vitambaa. Katika somo hili tujifunze kazi nyingine inayoweza kufanyiwa nyumbani: mkoba wa ngozi, yaani handibegi ya mama kwenda nayo kazini au harusini.

Wengi hudhani mkoba wa namna hiyo lazima utoke kwenye kiwanda chenye mashine kubwa. Sivyo. Huko Paris, Ufaransa, kuna kampuni ya Hermès iliyoanza mwaka 1837 ikitengeneza hatamu za farasi. Mikoba yake ni ghali ajabu, na hadi leo hushonwa kwa mkono kwa sindano mbili, kama walivyoshona mafundi wa matandiko ya farasi. Ushono huo hautaki umeme. Unataka mikono na subira.

Vifaa

- Ngozi ya ng'ombe futi 5 za mraba, unene kama milimita 2. Uliza ile iliyotengenezwa kwa magome ya miti kama muwati. Ikilowa hukunjika vizuri, na kingo zake zikisuguliwa hung'aa.
- Uzi mnene wa kitani na nta ya nyuki.
- Sindano 2 zenye ncha butu, chuma chenye ncha cha kutobolea, kisu kikali, rula, msasa, gundi na kifungo cha sumaku.

Walio karibu na Nairobi watapata ngozi katika soko la Kariokor. Wengine waulize fundi wa viatu hapo mtaani.

Hatua za kazi

1. Chora vipande kwenye kadibodi kwanza. Karatasi ikiharibika si hasara, lakini ngozi ikikatwa vibaya pesa zimekwenda. Upande wa mbele ni sentimita 30 kwa 24. Wa nyuma ni 30 kwa 46, kwa sababu unapanda, unapita juu na kushuka mbele kuwa kifuniko. Ubavu ni utepe wa 8 kwa 78. Mkono ni vipande viwili vya 3 kwa 35. Pembe za chini za upande wa mbele na wa nyuma zizungushe kwa kufuata mdomo wa kikombe.

2. Kagua ngozi kabla ya kukata. Epuka makovu ya kupe na ya chapa. Ukikosa kipande kirefu cha ubavu, unganisha viwili vikutane chini kwenye kitako.

3. Tia kifungo, na ushone mkono, kabla ya kuunganisha mkoba. Ukishafunga pande zote, sindano haitafika ndani.

4. Lowesha kingo za ubavu, uzikunje nje sentimita 1 kila upande, uache zikauke. Kisha paka gundi kidogo na kuzigandisha kwenye upande wa mbele na wa nyuma. Kipande kitakachozidi mwishoni kikate. Fungua madirisha unapotumia gundi, na kopo lifunikwe mbali na watoto. Sote tunajua gundi imefanya nini kwa vijana wetu mitaani.

5. Piga mstari milimita 4 kutoka ukingoni. Tia alama za matundu kwa uma wa kulia chakula ili nafasi zilingane, kisha toboa.

6. Sasa shona. Uzi uwe mara nne ya urefu wa ushono: sentimita 40 za ushono zinataka mita 1 na sentimita 60 za uzi. Upake nta, utie sindano kila mwisho. Bana kazi kati ya mbao mbili, uzishike kwa magoti. Pitisha sindano moja tundu la kwanza hadi uzi ulingane pande zote. Tundu la pili, sindano ya kushoto ipite kwenda kulia, kisha ya kulia ipite hapo hapo kwenda kushoto. Vuta zote pamoja. Usibadilishe utaratibu huo, la sivyo mishono itapinda. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, ukate.

7. Sugua kingo kwa msasa, zilowesha kidogo, uzisugue kwa kitambaa kigumu hadi zing'ae, halafu paka nta.

Kwa nini sindano mbili? Katika ushono wa cherehani, uzi wa juu na wa chini hushikana katikati. Mmoja ukikatika, mishono ya jirani hulegea. Katika ushono huu kila tundu lina nyuzi mbili zilizopita kabisa, kwa hiyo mmoja ukikatika mwingine bado unashika.

Bei na jina

Tufanye hesabu ya mfano. Ninyi wekeni bei za kwenu. Tuseme ngozi, uzi, kifungo, gundi na nauli ni shilingi 1,500, na kazi imekula saa 16. Mama akiuza kwa 1,800 atasema amepata faida ya 300. Ukweli ni kwamba amefanya kazi kwa chini ya shilingi 19 kwa saa! Akijilipa shilingi 100 kwa saa, mkoba hauwezi kuuzwa chini ya 3,100. Saa zako ni mtaji, ziandike daftarini.

Atakuja mteja akwambie, "Mama, bandika jina la kampuni ya ng'ambo nikupe zaidi." Kataa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa bandia inaweza kukufikisha mahakamani. Tena jina hilo la kuazima linaficha la kwako. Piga muhuri wa kikundi chenu ndani ya kifuniko. Mkoba ukidumu miaka, mwenye kuuliza umetoka wapi ataelekezwa kwenu.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Je, bidhaa tunazouza sasa, tumewahi kuhesabu saa zetu?
2. Ni nani kati yetu aliye na mkono mtulivu wa kukata, na nani wa kushona?
3. Muhuri wetu utakuwa na alama gani?