Kosa la Babu na Deni la Mjukuu

Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare, ugomvi wa shamba haukawii kugeuka ugomvi wa mababu. Watu wawili washindana juu ya mpaka wa shamba la mpunga. Mmoja ni Mkristu, wa pili ni Mwislamu. Mara Mkristu asema: «Ninyi wana wa Waarabu mliwauza babu zetu.» Mwenziwe ajibu: «Nawe u mzao wa mtumwa, nani atakusikiliza barazani?» Mpaka wa shamba umekwisha kusahauliwa. Mkatekumeni anayejiweka tayari kwa Ubatizo, aseme nini mbele ya maneno hayo?

Kwanza aijue habari yenyewe, kwa maana lawama nyingi hutoka katika habari iliyojulikana nusu. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, mfanya biashara wa Unguja, aliufanya Kasongo kuwa mji wake mkubwa. Mahali pa mji ule wa kale paitwa Tongoni hata leo. Toka huko misafara ilishika njia ya Kabambare mpaka Ujiji na pwani, ikichukua pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Vijiji vilichomwa moto, watoto walitengwa na mama zao. Jambo hilo halikanushiki, wala si halali kulipunguza.

Walakini, waliokamata watu ni akina nani? Waarabu na watu wa pwani walikuwa wachache. Wengi katika vikosi vyao walikuwa wenyeji wa bara, na baadhi yao walikuwa wamekamatwa wao wenyewe hapo kwanza. Atazamwe Ngongo Lutete. Alikuwa jemadari wa Tippu Tip, kisha mwaka 1892 akahamia upande wa Wabelgiji. Watu wake wakapigana na Sefu, mwana wa Tippu Tip, na mwezi wa Aprili 1893 mji wa Kasongo ukatekwa. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule maofisa wa Wabelgiji wakamshuku Ngongo kuwa msaliti, wakamwua. Basi mjukuu wa askari wa Ngongo ahesabiwe upande gani? Katika ukoo mmoja aweza kuonekana babu aliyefunga mnyororo na bibi aliyefungwa nao. Na walioshinda vita ile, baada ya kujisifu kwamba wameukomesha utumwa, waliwatwika watu wa nchi upagazi na kazi za nguvu. (Tena mpunga wa shamba lile la ugomvi ulifika nchini pamoja na misafara ile ile, na Kiswahili wanachotukania ndicho Kiswahili cha katekismu.)

Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anafundisha wazi kwamba mwana hachukui hatia ya baba yake. Kila mtu atahukumiwa kwa njia zake mwenyewe. Hapo mkatekumeni mwenye akili atauliza: je, dhambi ya asili haikurithiwa toka Adamu? Imerithiwa, ndiyo. Lakini Eklezya hufundisha kwamba kwa mtoto ile ni hali ya kukosa neema, wala si tendo alilolitenda. Nayo ni ya wanadamu wote. Mkristu hawezi kumtupia Mwislamu peke yake.

Hatia, basi, hairithiwi. Deni ni jambo jingine. Mtu amekufa, na mwanawe akuta zizini mbuzi aliyeibwa kwa jirani. Mwana huyo si mwizi. Lakini akijua habari ya mbuzi, naye akamweka, tangu siku ile amekuwa mwizi kwa haki yake mwenyewe. Ndivyo ilivyo kwa dharau pia. Anayemwita jirani «mtumwa» leo amemweka mbuzi wa babu yake zizini. Anayemwita jirani «Mwarabu» ili amnyime neno barazani, naye ana mbuzi wake. Wakristu wasijifanye safi: wakati wa Wabelgiji shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni, na Waislamu wengi waliogopa kuwapeleka watoto, wasije wakabatizwa. Watoto wengi walikosa masomo, na faida ya cheti iliwaendea wengine.

Tarehe 28 Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasihi Wakristu na Waislamu waache magomvi ya zamani, wajitahidi kuelewana kwa moyo mnyofu. Wengine hudhani kwamba maana yake ni kunyamaza. Sivyo, jeraha lililofungwa kabla ya kuoshwa huoza.

Maneno hayo yana uzito zaidi kwa vita ya 1998 mpaka 2003, kwa kuwa waliotenda na waliotendwa wengi wangali hai. Katika Maniema, aliyekaa mjini aliitwa mtu wa RCD na wa Wanyarwanda. Aliyekimbilia porini aliitwa Mai-Mai. Na mkulima aliyetoka upande mmoja kwenda wa pili kutafuta chumvi alishukiwa na wote. Baadaye, tangu mwaka 2017, watu wa Salamabila katika Kabambare waliteswa na mapigano ya kundi lililojiita Malaika, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya. Jina la malaika halitakasi bunduki.

Hapa hakuna babu wa kusingiziwa. Aliyechoma nyumba aungame, ajute, arudishe. Padri aweza kumwondolea dhambi, lakini mabati aliyoyachukua hayageuki kuwa yake kwa maondoleo hayo. Aliyetendewa mabaya ahimizwe kusamehe, asilazimishwe mbele ya watu. Hasa mwanamke aliyenajisiwa kwa nguvu asiambiwe kwamba kusamehe ni kuficha jina la mkosaji. Kusamehe hakumkatazi mtu kwenda mahakamani. Yezu alimwamuru mwenye sadaka aiache mbele ya altare, aende kwanza kupatana na ndugu yake. Wala hakusema kwamba ndugu huyo awe wa dini moja naye.

Na mpaka wa shamba? Upimwe kwa kamba, mbele ya wazee wa pande zote mbili, siku isiyo Ijumaa wala Dominika, ili wote wapate kuhudhuria.