Ala, Tao na Rodi: Istilahi za Umeme Kutoka Thika na Ruiru

Apitaye baina ya Thika na Ruiru magharibi hakosi kuiona nuru kali ya mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti. Makala hii inanuia kudadisi iwapo Kiswahili chaweza kueleza kinachopimwa ndani ya nuru hiyo. Swali hili si la anasa: fizikia ya shuleni nchini Kenya hufunzwa kwa Kiingereza, ilhali mwanagenzi wa karakana huelezwa kazi yake kwa Kiswahili.

Fundi husema rodi, kitabu husema elektrodi. Baina ya rodi na chuma hutanda plazima, yaani gesi yenye joto jingi kiasi kwamba elektroni zimejitenga na atomi. Tao hilo huhitaji takriban volti 25, nazo hazishuki sawasawa njiani. Sehemu kubwa huishia katika matabaka membamba mno, yasiyofika milimita moja, yanayoambaa elektrodi. Hertha Ayrton, aliyechapisha kitabu juu ya tao la umeme mwaka 1902, alipima mshuko huo kwa kuingiza kijiti cha tatu cha kaboni kati ya viwili. Katika miaka ya 1920 Irving Langmuir alitumia waya mwembamba: volti yake hubadilishwa, mkondo husomwa, na umbo la grafu hufichua joto na wingi wa elektroni. Katika tao kali waya hupitishwa upesi, la sivyo utayeyuka.

Tabaka linalogusa elektrodi napendekeza liitwe ala, kama ala ya kisu. Yamkini msomaji atapinga kwamba ala pia ni kifaa. Pingamizi hilo lina uzito, hasa kwa kuwa waya wa kupimia nao huvikwa tabaka lilo hilo, tukabaki na ala iliyovaa ala! Hata hivyo, naona muktadha utatosha.

Linalonitia shaka zaidi ni kuiita rodi kathodi, kama nilivyofanya mbele ya fundi mmoja wa Ruiru. Alinionyesha mashine yake ya transfoma. Hutoa mkondo geu wa hezi 50. Kwa hiyo rodi huwa kathodi, kisha anodi, ikigeuka mara 100 kila sekunde. Neno lake, rodi, halikuwa na kosa.