SOMO LA AFYA: AKIZIMIA ANAPOKETISHWA



Aliyeumia uti wa mgongo shingoni au kifuani huweza kuona kizunguzungu anapoketishwa, hata kuzimia. Si pepo wala uvivu. Mishipa ya fahamu imekatika, haiamrishi tena mishipa ya damu ijibane. Damu hushukia miguuni na presha huanguka. Msiache kumketisha kwa woga: akilala siku zote atapata vidonda.

Fanyeni hivi:

1. Kabla ya kumwinua, mfungeni bendeji ya kuvutika kutoka vidole vya miguu hadi mapajani. Isikaze mno, maana hasikii maumivu. Mfungueni anapolala, mkague ngozi.
2. Mwinueni polepole kwa mito, mkingoja dakika chache kila hatua.
3. Anywe maji mara kwa mara.
4. Akiona giza, mlazeni chali, miguu juu.

ANGALIENI! Kichwa kikimgonga ghafla na jasho likimtoka usoni, huenda presha imepanda. Hapo msimlaze. Mketisheni, legezeni nguo na bendeji, tazameni kama mpira wa mkojo umeziba au umejikunja, kisha mkimbizeni zahanati.