Mganga wa Meno na Hofu ya Mgonjwa

Dawa ya jino ni kung'oa. Ndivyo wasemavyo wazee wetu, na zamani neno hilo lilikuwa kweli. Siku hizi si kweli kwa kila jino. Jino lililoanza kutoboka laweza kusafishwa na kuzibwa, likatafuna miaka mingi baadaye. Ila lazima lipelekwe kwa mganga mapema. Hapo ndipo penye shida. Mwenye tundu dogo katika gego hasikii uchungu mwingi, naye huogopa koleo kuliko ugonjwa. Basi hungoja. Hutafuna upande mmoja, husukutua kwa maji ya chumvi, hubana karafuu jinoni. (Karafuu hupunguza maumivu kweli, na mafuta yake hutumiwa hata na waganga wa meno wenyewe, lakini karafuu haizibi tundu.) Hata usiku mmoja shavu huvimba, usingizi usije. Aendapo kwa mganga asubuhi, huambiwa kwamba jino limeoza mpaka mzizini, wala halina dawa ila kung'olewa. Mtu huyo amepotewa na jino kwa sababu ya hofu yake. Kwa hiyo mganga wa meno aliye mwema ana mambo mawili ya kutibu, jino na hofu.

Zamani hofu hiyo ilikuwa na sababu kubwa, kwa maana hapakuwa na dawa ya ganzi. Mgonjwa aliketishwa, akashikwa kwa nguvu, na mganga akavuta. Aliyevuta upesi kuliko wenzake ndiye aliyesifiwa. Katika mji wa Hartford, nchi ya Marekani, palikuwa na mganga wa meno jina lake Horace Wells. Tarehe 10 Desemba 1844 alikwenda kutazama mchezo ambao watu walivutishwa hewa iitwayo hewa ya kuchekesha, nao wakacheka na kurukaruka kama walevi. Mmoja wao alijigonga mguu katika kuruka kwake, akatokwa na damu. Wells alipomwuliza habari za jeraha lile, yule mtu alistaajabu, kwa kuwa hakuwa amesikia maumivu yo yote.

Kesho yake Wells alitaka kujaribu hewa ile katika kung'oa jino. Je, alimjaribu nani? Hakumwita maskini wa njiani, wala hakumlaghai mgonjwa wake. Aliketi yeye mwenyewe katika kiti cha wagonjwa, akaivuta ile hewa, na mganga mwenzake, John Riggs, akamng'oa gego. Wells hakusikia uchungu. Nataka msomaji aliangalie jambo hili vema, maana alitaka kujua kwa mwili wake mwenyewe neno atakalowaambia wengine.

Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha waganga na wanafunzi wa uganga. Safari hii mfuko wa hewa uliondolewa upesi mno, na jino lilipong'olewa mgonjwa akapiga ukelele. Watazamaji wakamzomea Wells, wakasema ni udanganyifu mtupu. Baadaye mgonjwa mwenyewe alikiri kwamba maumivu yalikuwa machache, lakini wakati huo Wells alikuwa amekwisha kuaibishwa. Mwaka 1846 William Morton, ambaye zamani alifanya kazi pamoja naye, aliwaonyesha watu wa Boston dawa nyingine, etha, wakaisadiki. Wells alikufa Januari 1848, umri wake miaka 33. Chama cha waganga wa meno wa Marekani kilimpa heshima yake mwaka 1864, naye hayupo kuipokea.

Leo mara nyingi mgonjwa halazwi usingizi. Hupigwa sindano katika ufizi, na mahali pale hufa ganzi. Dawa moja itumikayo sana ni lidokeini, iliyotengenezwa mwaka 1943 na Nils Löfgren wa Uswidi. Uchungu umeshindwa basi. Lakini hofu haikukimbia pamoja nao. Mgonjwa yu macho. Husikia sauti ya chombo kizungukacho kama keekee ya seremala, hunusa dawa, huona mkono wa mtu ukiingia kinywani mwake. Zaidi ya hayo yote, hawezi kusema neno, kwa kuwa kinywa ki wazi. Mtu asiyeweza kusema "ngoja" huona amefungwa, hata kama haumwi.

Mganga mwenye akili huanzia hapo. Mwaka 1959 mganga mmoja wa Marekani, Addelston, aliandika juu ya njia ya kuwazoeza watoto, ambayo sasa hufundishwa katika vyuo vingi: kwanza mweleze, kisha mwonyeshe, ndipo utende. Tumfikirie msichana wa miaka minane, aliyepelekwa na kaka yake.

"Shikamoo, Bwana Mganga."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Hiki ni kioo kidogo cha kutazamia meno. Kishike mwenyewe."

Kisha akakizungusha kile chombo chenye sauti, pasipo chuma chake cha kutobolea, akakigusisha ukucha wa mtoto, naye akaona kwamba hutetemesha tu.

"Na sindano, itauma?"

"Itauma kidogo, kama kung'atwa na siafu, kisha itakwisha. Kwanza nitapaka dawa ufizini ili upungue uchungu, nami nitapiga polepole. Ukitaka niache, inua mkono wa kushoto. Nitaacha papo hapo."

Mganga alipoanza tu, mtoto akainua mkono. Hakuwa na maumivu. Alitaka kujua kama yule bwana atalishika neno lake. Mganga akaacha, akamwuliza kama yu tayari, akangoja jibu. Mtoto akainua mkono mara ya pili, naye akaacha tena. Tangu hapo mkono ulitulia juu ya goti mpaka kazi ilipokwisha.

Angalieni kwamba hakumwambia, "Haitauma hata kidogo." Mtoto akidanganywa juu ya sindano, hatasadiki neno lo lote baada yake, wala siku hiyo wala mwakani. Na wazazi nao wana kosa lao. Wengi humtisha mtoto mtukutu wakisema, "Nyamaza, au nitakupeleka kwa mganga akakudunge sindano!" Halafu mtoto augua, nao hushangaa kwa nini ajishikize mlangoni akilia. Afadhali mzazi wa namna hiyo angekaa nje, kaka mtulivu akaingia badala yake.

Wako watu wazima pia waogopao, nao huona haya kusema. Mganga huwauliza wazi, wala hawacheki. Huwalaza kitini polepole, huwapumzisha mara kwa mara, na kila tendo huwaambia kabla ya kulitenda. Kazi hiyo humpotezea dakika chache. Mgonjwa aliyekaza mwili na kutetemeka humpotezea nyingi zaidi.

Yule msichana alipozibwa jino, mganga alimwonya asile mpaka ganzi iishe, labda baada ya saa mbili au tatu, asije akauma mdomo au ulimi wake bila kujua. Alimwambia kaka yake vilevile, maana watoto husahau.

Walipofika barazani kaka akauliza, "Ilikuuma?"

"Sindano kidogo," akasema, na mdomo wake mzito. "Kisha ukiinua mkono, anaacha kweli. Nilimjaribu mara mbili."

Kaka alikuwa na gego lake mwenyewe, alilolibania karafuu tangu mwezi uliopita bila kumwambia mtu. Akasimama kitambo pale barazani. Kisha akarudi mlangoni, akapiga hodi.