Waranti haihami kwa mdomo, mdogo wangu

Sogea karibu, leo tuongee habari za gari, na usinikimbie kwa kusema hayo ni mambo ya mafundi. Wengi mnanijia na swali lile lile: "Dada, nimepata gari la mkononi, limetunzwa vizuri, na mwenyewe anasema waranti bado ipo. Nichukue?" Nikisikia hivyo najua moyo umeshaingia ndani ya gari, umekaa, umefunga mkanda, na kinachotafutwa kwangu ni baraka tu wala si ushauri. Sikulaumu. Gari la kwanza linalewesha. Umedunduliza kwenye kikoba, umekula kwa kujibana, umevumilia kusimama kwenye daladala na mtoto mgongoni, halafu leo mtu anakuwekea funguo kiganjani. Nani asingepagawa? Ila hayo maneno "waranti bado ipo" yana maswali mengi tumboni, na ukiyalipia kabla hujayapasua, utakuja kulia na mimi sitakuwa na kitambaa cha kutosha.

Kwanza tuelewane, maana wengine mnaichanganya waranti na bima. Bima ni ya kugonga na kugongwa. Waranti ni ahadi ya kiwanda kwamba kikiharibika kitu kwa kosa la utengenezaji, watakitengeneza bure ndani ya miaka fulani au kilomita fulani, na kitakachotangulia kufika kati ya hivyo viwili ndicho kinachofunga hesabu. Chukua mfano wa miaka 3 au kilomita 100,000, ambao ni wa kawaida kwa magari mapya yanayouzwa na mawakala. Miaka hiyo ilianza kuhesabiwa siku mnunuzi wa kwanza alipokabidhiwa gari, haianzi upya siku ulipotoa pesa zako wewe. Sasa mtu anakuuzia gari la mwaka mmoja na nusu, lililokuwa la kampuni likizunguka mikoani, anakuambia umebakiwa na mwaka na nusu mzima. Tazama dashibodi. Ikisoma kilomita 92,000, ulichobakiwa nacho ni kilomita 8,000. Nenda Mwanza na urudi Dar es Salaam mara tatu tu, umekaribia kuimaliza. Na cha kuudhi ni kwamba huyo muuzaji hajadanganya. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Amekutajia miaka kwa sababu miaka ndiyo iliyomfaa.

Wale mnaoagiza kutoka Japani mna yenu. Gari linashuka bandarini, mnafungua droo ya mbele ya abiria, mnakuta kijitabu kizuri cha Kijapani chenye mihuri, na dalali anasema, "Si unaona, kitabu cha waranti hiki hapa." Huenda ni chenyewe kweli. Lakini tupige hesabu pamoja. Huko Japani kiwango cha kawaida ni miaka 3 au kilomita 60,000 kwa gari kwa ujumla, na miaka 5 au kilomita 100,000 kwa viungo vikubwa kama injini na gia boksi. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia, na watu huagiza yale yaliyokaribia ukomo huo kwa sababu ndiyo bei inaposhuka. Kwa hiyo gari la miaka 7 limeshamaliza kila ahadi ya kiwanda kabla halijapanda meli. Tanzania nako magari mengi ya mkononi yanayotoka huko ni ya umri huo huo au zaidi.

Tuseme umepata lililo changa. Bado. Waranti ile ilitolewa kwa ajili ya soko la Japani, wakala wa hapa hana deni nayo. Tena hata kwao haihami hivi hivi. Mjapani anayenunua gari la mkononi akitaka kuendelea na waranti hulipeleka kwa wakala wa kampuni, likakaguliwa kwa gharama, ndipo kijitabu kikagongwa muhuri kumtambua mwenye gari mpya. Kama Mjapani mwenyewe anapanga foleni, wewe wa Mbagala utaipataje kwa kufungua droo? Kijitabu chenyewe usikitupe, lakini. Mtafute anayesoma Kijapani akuangalizie tarehe za sevisi na kilomita zilizoandikwa, ulinganishe na zinazosomeka kwenye dashibodi. Mara nyingine kijitabu kinasema kilomita nyingi kuliko dashibodi, na hapo utakuwa umepata habari yenye thamani kuliko hiyo waranti uliyokuwa ukiililia.

Sasa tuje kwenye gari ambalo waranti yake ni hai kweli. Mara nyingi ni lile lililonunuliwa jipya hapa hapa kwa wakala: la kampuni, la mradi uliofungwa, la mtu anayehama nchi. Hapa ndipo nakutaka uwe mkavu. Kwa watengenezaji wengi waranti hufuata gari, si mtu, na mnunuzi wa pili huirithi kwa muda uliobaki. Lakini kila kampuni ina masharti yake, na wapo wanaoikata au kuipunguza gari likibadilisha mikono. Anayeyajua masharti hayo ni wakala, siye muuzaji, wala dalali, wala shemeji yako aliyewahi kufanya kazi gereji.

Basi nenda kwa wakala kabla hujalipa, na ikiwezekana nenda na mwenye gari, maana wengine hawamfungulii mtu baki kumbukumbu za mteja. Beba namba ya chesisi. Isome kwenye gari lenyewe na uilinganishe na iliyo kwenye kadi ya gari. Waulize waranti ilianza tarehe ngapi na inaisha lini, inapita kwa mnunuzi wa pili au haipiti, kuna fomu ya kujaza au ukaguzi wa kulipia, sevisi zimefanyika zote kwa wakati, na gari limewahi kurudishwa kwa tatizo gani. Hilo la mwisho usilisahau hata kidogo. Gari lililorudishwa mara tatu kwa gia boksi ile ile linakuambia kitu. Majibu yaombe kwa maandishi, hata barua pepe ya mistari minne inatosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na yule kijana mchangamfu wa kaunta aliyekuambia "hakuna shida, dada" anaweza kuhamishiwa tawi lingine kesho.

Halafu yapo mambo yanayoiua waranti kimya kimya huku kadi ikionekana safi. Sevisi zilizorukwa, au zilizofanywa chini ya mwembe bila risiti. Kilomita zilizochezewa. Gari lililoangushwa na bima ikalifuta, kisha likafufuliwa na kupigwa rangi. Gari lililozama mafuriko ya Jangwani na kukaushwa. Na siku hizi kuna hili la mfumo wa gesi. Watu wa Dar es Salaam mnafunga gesi ili kuukimbia ukali wa bei ya petroli, na sina ugomvi na hilo, pesa ni yenu. Ila kama kufunga huko hakukuidhinishwa na kampuni, siku injini ikigoma wakala ana mlango wa kutokea, atakuambia tatizo ni mtungi. Kwa hiyo ukiona gari la mkononi lina gesi na unaambiwa lina waranti, swali la kwanza kwa wakala liwe hilo.

Najua unachofikiri: dada, nikiuliza yote hayo muuzaji ataniona mkorofi, na kuna mteja mwingine anakuja jioni. Mdogo wangu, huyo mteja wa jioni namfahamu. Yupo kwenye kila mauzo ya gari, kiwanja na simu, na hajawahi kufika. Hofu ya kukosa ndiyo inayowauzia watu mbuzi kwenye gunia. Muuzaji mwenye waranti ya kweli anafurahi kwenda kwa wakala, kwa sababu karatasi ile inampandishia bei. Anayekwepa, anayekuambia kadi ya waranti ipo kwa mke wake Arusha, mpe pole na umuombe basi apunguze bei kama gari lisilo na waranti. Hiyo ndiyo njia ya kistaarabu: gari linunue kama unalipenda, lakini ahadi isiyothibitishwa usiilipie hata shilingi.

Kuna na ile ya yadi: "Tunakupa waranti ya miezi mitatu, injini na gia boksi." Hii si ya kiwanda, ni ahadi ya yule mwenye yadi. Si lazima iwe uongo, wapo waungwana wanaoitimiza. Lakini nguvu yake ni ile iliyo kwenye karatasi ya mauzo, yenye mhuri, ikisema inafunika nini, nani analipia spea, nani analipia fundi. Na ukiuza gari ndani ya miezi hiyo, usimwahidi mwenzako kwamba anairithi, hukupewa ili uigawe.

Nanyi mlioko ughaibuni mnaotuletea picha mkiegemea magari, msidhani mmesalimika. Marekani, Hyundai na Kia zinajulikana kwa waranti ya miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na gia boksi. Watu wanaliona tangazo, wananunua Hyundai ya mkononi kwa mtu barabarani, wanalala usingizi mnono. Ile miaka 10 ni ya mnunuzi wa kwanza. Wa pili anarudi kwenye miaka 5 au maili 60,000, ikihesabiwa tangu siku ya kwanza gari lilipouzwa. Uingereza, Kia wanatoa miaka 7 na inapita kwa mwenye gari mpya, mradi sevisi zifuatwe. Jina ni moja, nchi mbili, masharti mbali mbali. Ndiyo maana nakataa kukujibu "ndiyo" au "hapana" kwenye simu. Sijui gari lako limeuzwa wapi mara ya kwanza, na wewe pia usinunue kabla hujalijua hilo.

Kabla sijasahau: kosa la kiwanda linalohatarisha uhai huwa lina njia yake. Kampuni huyaita magari yarudi kutengenezwa bila malipo, na hapo hawaulizi wewe ni mwenye gari wa ngapi. Mnakumbuka mifuko ya hewa ya Takata, iliyokuwa ikipasuka na kurusha vipande vya chuma. Joto na unyevunyevu wa miaka mingi ndivyo vilivyokuwa vikiiharibu kemikali yake, na sisi wa pwani joto na unyevunyevu ndiyo hewa yetu. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ile yaliguswa. Kwa hiyo ukiwa pale kwa wakala na namba yako ya chesisi, uliza na hilo: limewahi kuitwa, na kama liliitwa, lilitengenezwa?

Sasa nimalizie na lile mnaloniuliza kwa kunong'ona. Gari la mjomba. Au la dada wa mume. Au la mzee wa kanisani aliyekulea. Huyu unamwombaje karatasi? Unaona aibu, unalipa, unachukua funguo, na baada ya miezi miwili gia boksi inaanza kupiga kelele. Unakwenda kwa wakala, wanakuambia sevisi ya kilomita 30,000 haikufanyika, mlango umefungwa. Hapo umepoteza pesa na huwezi hata kulalamika, maana kila ukifungua mdomo unaonekana unamtuhumu mzee. Nimeona ndugu wakiacha kuhudhuriana misiba kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa asubuhi moja pale kaunta.

Usimwombe karatasi basi, mwombe msindikizane. Mwambie hivi, kwa adabu: "Shikamoo mjomba. Gari nimelipenda na bei tumekubaliana. Jumamosi naomba twende pamoja kwa wakala, waniandikishe mimi kwenye waranti ukiwepo, kisha tupitie kwa wakili tusaini mkataba, tuanze taratibu za TRA za kubadilisha jina." Hujamwita mwongo, umemwita shahidi. Mjomba mwenye gari zuri atakuuliza saa ngapi. Akinuna, mletee juisi, mwongee mpira, na pesa yako iendelee kukaa benki hadi Jumamosi nyingine.